Fahamu: Vazi la kuogelea la wanawake lilitoka wapi?

Ukishuka kutoka Tukuyu hadi ufukwe wa Matema, Ziwa Nyasa, unaweza kumkuta mmoja anaoga na kanga, mwingine kavaa bikini. Bikini ilizinduliwa Paris tarehe 5 Julai 1946 na Louis Réard, mhandisi wa magari. Aliipa jina la visiwa vya Pasifiki ambako Marekani ilikuwa imelipua bomu la nyuklia siku 4 tu kabla. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa karne ya 20, wanawake wa Ulaya waliogelea na nguo za sufu, zikilowa zinawaelemea.

Burkini, inayofunika mwili wote isipokuwa uso, viganja na nyayo, ilibuniwa mwaka 2004 na Aheda Zanetti wa Australia, mzaliwa wa Lebanoni. Mwaka 2016 miji kadhaa ya Ufaransa iliipiga marufuku ufukweni.

Kwangu, habari kubwa zaidi iko Nungwi, Zanzibar. Huko Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa ndani ya burkini. Wasichana wengi visiwani hukua kando ya bahari bila kujua kuogelea, na mara nyingi kikwazo ni stara. Nguo hiyo inawaruhusu kuingia majini, na wazazi wanakubali.