Mhakiki Chipukizi na Filamu za Familia Zitiazo Moyo

Katika tahakiki ambazo wanafunzi huandika kuhusu filamu za familia, kuna sentensi moja isiyokosa: filamu hii inatia moyo. Aghalabu sentensi hiyo ndiyo mwanzo na ndiyo hukumu. Baada yake hufuata muhtasari wa hadithi, orodha ya wahusika na hatimaye funzo, kwa mpangilio uleule uliozoeleka katika majibu ya mtihani wa Fasihi. Si ajabu. Mwanafunzi aliyelelewa kwa vitabu teule hufunzwa mapema kwamba kila hadithi ni kifuko chenye funzo ndani, na kwamba kazi ya msomaji ni kukifungua na kutoa kilichomo. Makala haya yanashikilia kwamba mhakiki kijana ana mengi zaidi ya kusema, mradi aulize maswali mawili: tumaini linaloonyeshwa katika filamu limelipiwa gharama gani na nani, na ni familia ipi inayoweza kuketi pamoja ikalielewa? Mifano imetolewa katika filamu nne zilizotoka kati ya 2010 na 2019, ambazo visa vyake vinatokea Kenya, Uganda na Malawi.

Neno familia lenyewe linahitaji kutazamwa kwanza. Nchini Kenya, bodi inayoainisha filamu huzipanga katika madaraja manne: ya watazamaji wote, ya watoto walio chini ya uangalizi wa wazazi, ya waliotimiza miaka 16, na ya watu wazima wa miaka 18 na zaidi. Uainishaji huo una manufaa, lakini humwambia mzazi yale ambayo mtoto hatakutana nayo tu: matusi, damu, uchi. Hausemi lolote kuhusu yale atakayokutana nayo. Tena, familia inayotazama runinga jioni katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki si baba, mama na watoto wawili. Yumo nyanya, wamo binamu waliokuja kusoma mjini, yumo na jirani aliyepita kuomba chumvi akajikuta ameketi. Fanani wa ngano aliwajua watu hawa wote. Alipunguza makali ya kisa kwa ajili ya mdogo na kuongeza fumbo kwa ajili ya mkubwa, huku akiwatazama nyusoni. Filamu haina macho ya kuitazama hadhira yake. Hivyo basi, ni juu ya mhakiki kuitazama hadhira kwa niaba yake.

Filamu ya The First Grader, iliyoongozwa na Justin Chadwick na kutoka mwaka wa 2010, ni kielelezo kizuri cha ugumu huu. Inahusu maisha ya Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyejiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, mnamo Januari 2004 akiwa na umri wa miaka 84, mwaka mmoja baada ya serikali kuondoa karo katika shule za msingi. Oliver Litondo anamwigiza mzee huyo kwa utulivu unaostahiki sifa. Mhakiki chipukizi huvutiwa na kaptula na soksi za mzee aliyeketi kwenye dawati la watoto, na ana haki ya kuvutiwa. Lakini uzito wa filamu umo katika mbinu rejeshi. Kila Maruge anapojaribu kuandika, kambi ya kizuizi ya enzi za Mau Mau inamrudia, pamoja na mateso na vifo vya jamaa zake. Shule hapa si zawadi tu; ni deni lililochelewa kulipwa kwa zaidi ya nusu karne. Anayeandika kwamba filamu inafunza kuwa elimu haina mwisho hajakosea, ila ameokota ganda akaacha kiini.

Kuna na yale ambayo filamu haikuyasimulia. Maruge alihutubia mkutano wa Umoja wa Mataifa jijini New York mnamo 2005, na hapo ndipo hadithi ya ushindi inapopenda kukomea. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilimtoa nyumbani kwake zikamtupa katika kambi ya wakimbizi wa ndani, kisha akahamia Nairobi. Alifariki Agosti 2009 bila kuhitimisha masomo ya msingi. Msanii ana uhuru wa kuchagua pahala pa kukomesha kisa chake, na hakuna haja ya kumlaumu Chadwick kwa hilo. Hata hivyo, mhakiki wa Kenya, ambaye huenda wazazi wake walipitia miezi hiyohiyo, anajua jambo ambalo mhakiki wa London hana sababu ya kulijua. Akilinyamazia, tahakiki yake itakuwa nakala hafifu ya tahakiki za ng'ambo.

Suala la lugha linatia uchungu zaidi. Sehemu kubwa ya mazungumzo katika The First Grader ni ya Kiingereza, huku Kiswahili na Kikuyu vikisikika hapa na pale. Filamu inayosimulia kisa cha mzee asiyejua kusoma imetungwa kwa namna ambayo mzee wa rika lake, asiyewahi kukanyaga darasa, hawezi kuifuata. Hata maandishi ya tafsiri yakiwekwa chini ya picha hayatamfaa, kwa kuwa hajui kuyasoma. Kinaya hiki ni kikubwa kuliko kinaya chochote kilichomo ndani ya filamu yenyewe, na ajabu ni kwamba ni nadra kutajwa. Umma uliliona pengo hili zamani na kulitafutia dawa. Katika mabanda ya video nchini Kenya, wasimulizi kama DJ Afro walizipa filamu za kigeni sauti ya Kiswahili na Sheng, na jijini Kampala wenzao walifanya vivyo hivyo kwa Kiluganda. Usomi umekuwa ukiwaona kama watu wa mzaha. Lakini kazi yao ni ya ufanani hasa, na wamewaketisha pamoja watazamaji ambao filamu ilikuwa imewatenga.

Queen of Katwe ya Mira Nair, iliyotolewa na Disney mnamo 2016, inahitaji maneno machache zaidi kwa sababu inajieleza yenyewe. Phiona Mutesi, msichana muuza mahindi kutoka mtaa wa Katwe, anajifunza sataranji kwa Robert Katende na kufika mashindano ya dunia. Wahakiki vijana humsifu Phiona na kusahau wanaolipa. Katende anaikataa kazi ya uhandisi aliyoisomea. Mama, anayeigizwa na Lupita Nyong'o, anauza kitambaa chake cha thamani ili mafuta ya taa yapatikane na mtoto asome usiku. Filamu hii inang'aa rangi kupita kiasi, na mwisho wake ni mtamu kama halua, lakini katika kumsawiri mama huyu haina masihara. Ukali wake hautokani na kutopenda ndoto za mwanawe. Ni hofu ya mtu aliyewahi kuona ndoto zikivunjika.

Kuhusu The Boy Who Harnessed the Wind ya mwaka wa 2019, iliyoongozwa na Chiwetel Ejiofor, inatosha kuitazama baiskeli. William Kamkwamba, anayeigizwa na kijana Mkenya Maxwell Simba, anaishi katika kijiji cha Wimbe nchini Malawi wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Amefukuzwa shule kwa kukosa karo, anajipenyeza maktabani, na katika kitabu cha sayansi anaona uwezekano wa kuvuta maji kwa nguvu za upepo. Kinachokosekana ni baiskeli, na iliyopo ni moja tu, ya baba yake. Kumwomba baba aitoe ikakatwe ni kumwomba aamini karatasi asizoweza kuzisoma badala ya magurudumu anayoyajua. Mazungumzo ya filamu yanachanganya Kichewa na Kiingereza, na familia inapojadili mambo mazito zaidi lugha ya nyumbani hushika usukani. Mhakiki anayetafuta mfano wa tumaini lililolipiwa gharama hana haja ya kwenda mbali.

Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyotoka mwaka wa 2018, ndiyo inayovunja kabisa mazoea ya mhakiki chipukizi. Jo, msichana mdogo anayeigizwa na Stycie Waweru, ana ugonjwa usio na tiba. Mama yake anamtoa hospitalini na kumrudisha kijijini akae na jamaa zake siku zilizobaki. Jo anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Dada yake Mwix anawashawishi wanakijiji washirikiane kumwaminisha kwamba naye ana nguvu hizo, na hatimaye kijiji kizima kinajitosa kutengeneza filamu ambamo Jo ndiye shujaa. Mama anapinga. Anataka mtoto apumzike, ahifadhi nguvu, aishi siku moja zaidi. Dada anataka siku zilizopo ziwe na furaha. Hakuna mwovu katika mgogoro huu, na mwanafunzi aliyezoea kuwagawa wahusika katika wema na wabaya hujikuta hana pa kumweka mama.

Lugha ya filamu hii ni Kiswahili kama kinavyozungumzwa, kikiwa kimechanganyika na Kikuyu na Kiingereza pale ambapo watu halisi wangechanganya. Nyanya anaweza kucheka kwa wakati mmoja na mjukuu wake. Wako wasomi watakaolalamika kwamba hicho si Kiswahili sanifu. Malalamiko hayo yana nafasi yake katika somo la sarufi. Katika uhakiki wa filamu, usahihi wa lugha hupimwa kwa kinywa cha mhusika.

Jo anakufa. Haponi kwa muujiza, daktari hatokei kutoka ng'ambo, wala mchango wa harambee hauleti dawa. Mtoto anayetazama akiwa ameketi sebuleni huenda akageuka na kuuliza kwa nini Jo hakupona ilhali kila mtu alimsaidia, na watu wazima wakatazamana. Filamu haijibu swali hilo. Inachoonyesha ni kijiji kilichoacha kazi zake kikashona mavazi, kikabeba kamera na kuigiza ili mtoto mmoja ajione jinsi alivyotaka kuonekana, na filamu hiyo ya kijiji inabaki. Mhakiki chipukizi anayetaka kuandika kwamba Supa Modo inatia moyo anaweza kuanzia hapo: kwa swali la mtoto, na kwa yale ambayo nyanya alimjibu.