Nipeni Mji

Nilipokuwa darasa la nne hapa Boito, mwalimu wetu wa Kiswahili alitutegea vitendawili kila Ijumaa alasiri. Saa hizo mvua huwa inagonga mabati, kwa hiyo tulijibu kwa kupaza sauti. Siku moja akasema, "Kitendawili!" Nasi, "Tega!" Akatega: "Mla msitu, mnywa mito, na bado analia njaa."

Tukataja tembo. Tukataja moto, nzige, hata jitu la hadithi. Hapana. "Basi nipeni mji," akasema. Tukampa Londiani, maana mwenzetu mmoja alikuwa na mjomba huko. Mwalimu akajikohoza: "Nimekwenda Londiani, nikala nikashiba, nikapewa gogo la mwerezi nikalikalia. Jibu ni garimoshi."

Darasa zima likaguna "aaa", kama kawaida. Mimi niliguna tu kwa kufuata wenzangu, sikuwa nimeelewa. Garimoshi lile msitu vipi? Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, baada ya kupanda matatu na kuiona miji ya reli kwa macho yangu. Twendeni pamoja, niwaonyeshe.

Tunaanzia hapa nyumbani. Boito iko Konoin, katika kaunti ya Bomet, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mbele yako ni chai, nyuma yako ni chai, na upande wa mashariki ule mstari mweusi ni msitu wa Mau Kusini-Magharibi. Humo ndimo ilimo miti ambayo wazee wetu waliijua kwa majina kama wanavyowajua ng'ombe wao: tarakwet, yaani mwerezi, simotwet, yaani mkuyu, na kichaka cha senetwet, ambacho mkaa wake husuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa ya kugandisha, yaani mursik. Waogiek, watu wa msitu huo, walitundika mizinga ya nyuki katika miti hiyo kwa vizazi na vizazi. Walipofukuzwa msituni mara kwa mara walishtaki, na mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa.

Sasa tazama vile viwanja vya mikaratusi vilivyopandwa kwa mistari kandokando ya chai. Hiyo ni kuni. Majani mawili na chipukizi yakishachumwa hupelekwa kiwandani, yakanyaushwa, yakakatwakatwa, yakaachwa yabadilike rangi kuwa ya shaba, kisha yakakaushwa kwa hewa ya moto. Moto huo unatoka kwenye boila, na boila inakula magogo usiku na mchana. Kwa hiyo kila kikombe cha chai unachokunywa kina moshi wa mti fulani nyuma yake. Likumbukeni jambo hilo, tutalihitaji tukifika Londiani.

Kampuni za Waingereza zilianza kupanda chai kwa wingi Kericho katika miaka ya 1920. Ardhi walimoipanda haikuwa tupu. Ilikuwa na mifugo na makaburi yetu sisi Wakipsigis. Waliopinga utawala wa kikoloni walipata taabu kubwa, hasa ukoo wa Talai, ambao ndani yake walitoka orkoiik, viongozi wetu wa kiroho. Mwaka 1934 ilitungwa sheria maalumu ya kuwaondoa, na ukoo mzima, wazee na watoto wachanga, ukahamishiwa Gwassi, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Huko kulikuwa na mbung'o na malaria, na walikaa hadi karibu na uhuru. Mtu wa baridi ya Kericho kupelekwa kwenye joto lile bila kutaka! Nawaambia haya mapema ili tutakapofika ziwani mjue kwamba si kila aliyetoka huku kwenda huko alikuwa mtalii.

Mjini Kericho tutapita haraka, ila sehemu mbili siwezi kuziruka. Ya kwanza ni Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililofunguliwa mwaka 2015. Lina nafasi ya kukaa watu wapatao 1,500. Ukiingia inua macho: dari lake ni vipande vyembamba vya mbao vilivyopangwa kwenye mbavu za zege, na mwanga hupenya kati yake kama unavyopenya msituni saa nne asubuhi. Ya pili ni bustani ya miti ya Chagaik, kilomita chache nje ya mji. Mpanda chai mmoja, Tom Grumbley, aliianzisha mwaka 1946 kando ya bwawa, akakusanya miti ya nchi nyingi. Ukinyamaza utasikia ndege kabla ya kuwaona. Mimi huenda pale nikitaka kukumbuka ukubwa ambao mti unaweza kufikia usipoguswa.

Haya, Londiani.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 kuelekea ziwani. Waliletwa wafanyakazi zaidi ya 31,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Reli ilipofika Mau, ilibidi ipande hadi kwenye baridi kali ya zaidi ya mita 2,500, kisha iteremke mabonde mpaka ziwani, penye mita 1,134 tu. Ili kuvuka makorongo ya huko Mau yalijengwa madaraja 27 ya chuma.

Na garimoshi lenyewe linakwendaje? Umewahi kuona mfuniko wa sufuria ya chai ukirukaruka maji yakichemka? Mvuke ndio unaousukuma. Sasa fikiria sufuria kubwa mno, imefungwa pande zote, chini yake kuna moto, na mvuke hauna pa kutokea ila mahali pamoja tu: kwenye pistoni. Mvuke unasukuma pistoni, pistoni inazungusha magurudumu. Lakini maji hupungua, lazima yaongezwe. Moto nao hupungua, lazima ulishwe. Kwa miaka mingi moto huo huku bara ulilishwa kuni. Stesheni zikawa na matangi ya maji na marundo ya magogo, na kadiri mlima ulivyokuwa mkali ndivyo njaa ilivyozidi. Mla msitu, mnywa mito.

Londiani ikawa mji kwa sababu hiyo, pamoja na Molo na Elburgon. Viwanda vya kupasua mbao vikaja kando ya reli, maana reli iliyokula miti ndiyo pia iliyoibeba hadi Nairobi na pwani. Mwerezi na podo ilipopungua, ikapandwa misaipresi na misonobari ya kigeni, inayokua upesi. Kazi ya kuipanda ilifanywa kwa mfumo wa shamba: familia ilipewa kipande ilime mahindi na viazi kati ya miche, na miche ikishakua, familia ilihama. Chuo cha misitu kipo Londiani hadi leo. Mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji katika misitu ya umma, na misumeno ya Elburgon ikanyamaza hadi katazo lilipoondolewa mwaka 2023. Kuna walioshangilia na kuna waliolia. Mimi naelewa njaa ya fundi mbao mwenye watoto wa kulipiwa karo. Lakini nimeuona pia mto uliokauka mwezi wa pili, mto ambao mama yangu aliogopa kuuvuka alipokuwa msichana, na sijui nani atamlipa nani kwa hilo.

Stesheni ya Londiani ina ukimya sasa. Njia kuu ya kwenda Uganda ilipitishwa Eldoret katika miaka ya 1920, na huku ikabaki tawi la Kisumu. Treni ya abiria ilirudi kwenye tawi hilo Desemba 2021. Simameni jukwaani na mfikirie moshi.

Tukiteremka tunafika Fort Ternan, na hapa nawaomba mtembee polepole. Mwaka 1961, katika shamba la mkulima aliyeitwa Fred Wicker, Louis Leakey alipata mabaki ya kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi miaka kama milioni 14 iliyopita. Akamwita Kenyapithecus wickeri, kwa heshima ya nchi na ya mwenye shamba. Pamoja naye kulikuwa na mifupa ya jamii za swala na twiga wa kale. Majivu ya volkano ya Tinderet ndiyo yaliyoihifadhi. Ardhi hii ilikuwa na miti na wanyama wake kabla hajatokea mtu wa kuipa jina, na kila nikigusa ule udongo mkavu nahisi nimegusa mkono wa babu wa mbali mno.

Kisha Kisumu. Reli ilifika hapa Desemba 1901, na mji ukaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli. Meli ilikuwa imetangulia: William Mackinnon ilitengenezwa Uskoti, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa huku na kuunganishwa tena, ikashushwa majini mwaka 1900. Nendeni kwenye Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Mtaona boma kamili la Kijaluo, nyumba za wake zimepangwa kwa utaratibu wake, na mtaona samaki wa ziwa wakiwa hai.

Halafu mniruhusu niwategee kimoja. Kitendawili! Asubuhi yuko Kisumu, alasiri yuko Boito, na hakulipa nauli.

Msinipe mji bado. Mara ya mwisho nilipokwenda nilisimama ufuoni saa sita mchana. Jua lilikuwa linachemsha maji, na mvuke ulipanda bila kuonekana, ukakusanyika kuwa mawingu meupe. Upepo wa kutoka ziwani uliyasukuma mashariki, kuelekea milima. Mawingu yakigonga Mau hulazimika kupanda, yakipanda hupoa, yakipoa huachia maji. Msitu huyapokea na kuyashika ardhini kama kitambaa kizito kilicholowa, kisha huyatoa kidogokidogo kwa mito ya Kipsonoi na Itare, nayo huyapeleka mto Sondu, na Sondu huyarudisha ziwani, baada ya kuzungusha mitambo ya umeme ya Sondu Miriu njiani.

Nikampigia mama simu Boito. "Mama, anua nguo."

"Jua lote hili?" akauliza.

Saa tisa na nusu akanipigia yeye. Sikusikia neno hata moja, mabati yalikuwa yanapigwa.