Faida ya dagaa huanzia mwaloni

NI alfajiri Kirumba, jijini Mwanza. Mitumbwi inarejea kutoka ziwani baada ya usiku wa kuvua dagaa kwa taa, na wapagazi wanaingia majini kupokea mzigo. Akina mama wanasubiri na ndoo zao. Kwa wengi wao, faida au hasara ya wiki nzima itaamuliwa hapa, kabla jua halijawa kali.

Mwalo wa Kirumba ndio soko kubwa la dagaa na samaki wakavu katika Kanda ya Ziwa. Wanunuzi hutoka mikoa mbalimbali nchini, na wengine Kongo, Rwanda na Burundi. Kwa njia hiyo hiyo ya maji, wakulima wa visiwa vya Ukerewe huleta machungwa na mihogo. Hivyo mwalo si mali ya mvuvi peke yake.

Dagaa huharibika upesi. Kilo 100 za dagaa wabichi hutoa takriban kilo 25 hadi 30 za wakavu. Wakianikwa juu ya vichanja, hupata hewa juu na chini, hukauka haraka na hubaki safi. Wakianikwa mchangani, hushika mchanga, na mvua ikinyesha huoza. Hao mara nyingi huishia kwenye chakula cha kuku.

Tuchukue mfano wa hesabu, kwani bei hubadilika kila siku. Mchuuzi ananunua kilo 200 mbichi kwa Sh240,000 na kupata kilo 50 kavu. Akiuza kwa Sh7,000 kwa kilo kama chakula cha binadamu, anapata Sh350,000. Wakiingia mchanga na kuuzwa Sh3,500 kwa wasaga chakula cha mifugo, anapata Sh175,000. Wa kwanza amebakiwa na Sh110,000 kabla ya upagazi na nauli. Wa pili amepoteza Sh65,000 za mtaji, pengine za mkopo.

Tofauti hiyo haikuletwa na bidii bali na mazingira ya mwalo. Mahali pasipo na gati, mzigo hubebwa majini na kuchelewa kufika. Pasipo na mizani, biashara hufanywa kwa ndoo, na ndoo ya kubonyea humpunja mmoja. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kiwango cha mwaka 1964, na mialo mingi ikapoteza maeneo ya kuanikia. Vichanja vilivyojengwa karibu mno na maji ndivyo vilivyoathirika kwanza.

Halmashauri hukusanya ushuru katika mialo. Sehemu ya fedha hizo ikirudi kama gati, vichanja, mizani na vyoo, mzigo utapanda thamani na ushuru wenyewe utaongezeka. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inatambua vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali, maarufu kama BMU. Wachuuzi wanaweza kuvitumia kufikisha madai yao kwenye vikao vya bajeti.

Wakati huo huo, asiyesubiri halmashauri anaweza kuungana na wenzake watano au kumi wakajenga kichanja cha miti na nyavu chakavu, mbali na ukingo wa maji. Gharama yake ni ndogo kuliko hasara ya mvua moja.