Pengo la Nguzo

Msomaji wa Kilifi ameniuliza: "Dada, nguzo za banda langu mchwa wamezimaliza kwa miaka mitatu. Hao wanaofukua magofu wanajuaje kwamba miaka 1,200 iliyopita palisimama jengo la miti?"

Twende Shanga, kisiwani Pate. Magofu yanayoonekana leo ni ya mawe ya matumbawe. Mwanaakiolojia Mark Horton alianza kufukua hapo mwaka 1980. Chini ya Msikiti wa Ijumaa alikuta misikiti mingine imepandana, ya chini ikiwa ya miti, ya karne ya 8. Miti yenyewe ilikwisha zamani. Yalibaki mapengo.

Mtu angeweza kusema "mashimo ya nguzo", lakini neno hilo halinitoshi. Shimo ni tupu, na hapa hapana utupu. Pengo ndilo neno. Mtoto anapong'oka jino, ufizi hujifunga, ila nyama mpya huwa laini kuliko ya jirani, na ulimi hauachi kupapasa hapo. Ardhi nayo ni hivyo hivyo. Mjenzi alichimba mchangani, akasimamisha boriti, akashindilia udongo. Boriti ikaoza, na udongo mweusi wa juu, wenye majivu ya mekoni, ukadondoka kidogo kidogo mahali pake. Leo mfukuaji akikwangua kwa mwiko hadi kwenye mchanga mweupe, doa la mviringo hujitokeza: jeusi, laini, lenye unyevu zaidi. Mwiko ndio ulimi wake. Akilikata doa wima katikati, anaona unene wa boriti na kina chake. Pengo moja likikata jingine, lililokata ndilo la baadaye. Yakijipanga mstari, huo ni ukuta. Mstari ukizunguka, huo ni ua.

Panya na mizizi nao huacha madoa, lakini jicho lenye mazoea huyatambua.

Kwa muda mrefu ilidaiwa kwamba miji yetu ya pwani ilishushwa kutoka majahazi ya wageni, mawe na yote. Mapengo ya Shanga yanasema walioanza walijenga kwa miti, wakapikia vyungu vya papa hapa, mawe yakafuata.

Nawe ndugu yangu, ukilihamisha banda lako, kwangua taratibu pale palipokuwa na nguzo. Utaliona duara.