Je, Wajua APT Ikigoma Huwa Inakulinda?

Novemba 2021, Linus Sebastian, mtengenezaji maarufu wa video za teknolojia nchini Kanada, aliwaonyesha watazamaji wake jinsi alivyojaribu kuhamia Linux. Alitaka kuweka Steam, programu ya michezo, kwenye kompyuta yenye Pop!_OS. Duka la programu lilipomkatalia alifungua terminali na kuandika amri mwenyewe. Kompyuta ikamwonya kwamba vifurushi vya lazima vitaondolewa, na kwamba kama ameridhia, aandike sentensi nzima: "Yes, do as I say!" Akaiandika. Dakika chache baadaye madirisha, menyu na kila kitu cha kubofya vilikuwa vimefutwa, na skrini imebaki nyeusi yenye maandishi matupu.

Aliyetoa onyo hilo ni APT, msimamizi wa vifurushi, yaani programu zilizofungashwa tayari kuwekwa, katika Debian na jamaa zake: Ubuntu, Linux Mint na Pop!_OS. Kosa lenyewe lilikuwa kwenye vifurushi, kwa kuwa Steam ilidai matoleo yasiyopatana na yale yaliyokuwamo. Baada ya kisa hicho APT ilirekebishwa. Kuanzia toleo 2.3.12, ikitafuta njia ya kuweka programu mpya haikubali tena kuondoa vifurushi vya lazima ili kuipatia nafasi.

APT haifanyi kazi peke yake. Chini yake kuna dpkg, iliyoitangulia kwa miaka kadhaa. Ian Murdock, aliyetangaza mradi wa Debian Agosti 1993, ndiye aliyeianza dpkg mwaka 1994, na APT ikaingia rasmi katika Debian 2.1 mwaka 1999. Kazi wamegawana. APT huzijua hazina za programu kwenye intaneti, hukokotoa kipi kinahitaji kipi, kisha hupakua. dpkg haijui intaneti kabisa. Yenyewe ni kama karani wa ghala: hupokea mzigo, huufungua, huweka kila faili mahali pake, na haiachi kitu kipite bila kuandikwa daftarini. Daftari hilo ni faili la maandishi ya kawaida, /var/lib/dpkg/status.

Hesabu ya APT si ndogo. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ilikuwa na vifurushi 64,419, na vingi kati ya hivyo haviendi bila vingine. Watafiti wamethibitisha kwamba swali la kama kifurushi fulani kinaweza kuwekwa bila kugongana na vingine ni la kundi la maswali ambayo hadi leo hakuna njia inayojulikana ya kuyajibu haraka kila mara. Ndiyo maana APT ikishindwa kupata jibu husimama na kutaja vifurushi visivyopatana. Mara nyingi dawa ni kusoma majina hayo na kuangalia kama kuna hazina ya nje iliyoongezwa, kwa sababu hazina ya nje huleta matoleo ambayo waandaaji wa mfumo hawakuyapima pamoja na yao.

Tatizo jingine linalowasumbua wengi ni kufuli. Mtu anaandika amri, anajibiwa kwamba /var/lib/dpkg/lock-frontend imeshikwa. Ushauri unaozunguka mitaani ni kulifuta faili hilo. Ni ushauri wa hatari. Kufuli halisi hushikwa na programu inayoendelea na kazi, na kiini cha mfumo ndicho kinacholitunza. Programu hiyo ikimaliza, au hata ikifa, kufuli huachiliwa lenyewe. Faili likifutwa wakati kazi inaendelea, programu ya pili itaunda jingine, na zote mbili zinaweza kuliandika daftari moja kwa wakati mmoja. Kwenye Ubuntu mshikaji huwa mara nyingi ni unattended-upgrades, huduma inayoweka marekebisho ya usalama kimyakimya. Matoleo mapya ya APT humtaja mshikaji kwa jina na namba. Cha kufanya ni kusubiri amalize.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, hali ni nyingine. dpkg huweka kifurushi kwa hatua: kwanza hukifungua, kisha hukisanidi, na kila hatua huiandika. Kwa hiyo kompyuta ikiwashwa tena, daftari linajua nani aliachwa njiani. Amri moja, sudo dpkg --configure -a, huwarudia wote waliofunguliwa bila kusanidiwa na kuwamalizia. Kukiwa na vitegemezi vilivyokosekana, sudo apt --fix-broken install huvileta.

Kuna kisa kingine kinachowababaisha hata mafundi: orodha za hazina zinakataliwa kwa madai kwamba bado hazijaanza kutumika. Intaneti ni nzima, hazina ni nzima. Kilichokufa ni betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mkuu wa kompyuta kuukuu, na saa imerudi nyuma miaka mingi. Kila orodha ya hazina ina tarehe na saini ya kidijitali, na ndani yake mna alama za uthibitisho zinazofika hadi kwenye kila kifurushi. APT haiiamini seva, inaamini saini. Orodha inayodai kutoka "kesho" haiwezi kuipokea. Saa ikirekebishwa, sudo apt update hupita bila neno, na betri mpya huzuia tatizo lisijirudie.

Fundi akiitiwa kompyuta ambayo "jana ilikuwa nzima," faili la kufungua kwanza ni /var/log/apt/history.log. Humo APT huandika tarehe, saa, amri iliyotolewa, na majina ya vifurushi vilivyowekwa, vilivyosasishwa na vilivyoondolewa, pamoja na namba za matoleo. Kama kitu kiliondolewa bila kukusudia, jina lake limo kwenye mstari wa vilivyoondolewa, na ndilo la kuandika baada ya sudo apt install.