KADI MBALIMBALI, GUNIA MOJA

Sisi wakulima wa Mollo tunalima mahindi, maharage na ulezi. Wakati wa kuuza, wengine hujaziwa gunia la lumbesa. Gunia hilo hujazwa kupita kipimo, lakini hulipwa bei ya gunia moja. Lumbesa haimwulizi mkulima kadi ya chama chake. Humnyonya kila mtu.

Tangu tarehe 1 Julai 1992, nchi yetu ina vyama vingi vya siasa. Kabla ya hapo, mwaka 1991, Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya kukusanya maoni ya wananchi. Mwenyekiti wake alikuwa Jaji Mkuu Francis Nyalali. Karibu watu 80 katika kila 100 walitaka chama kimoja kiendelee. Karibu 20 walitaka vyama vingi. Lakini wengi katika wale 80 walitaka pia marekebisho. Basi pande zote zilikuwa na jambo la pamoja. Tume ilipendekeza vyama vingi. Wachache walisikilizwa.

Je, kijijini tukutane wapi? Tukutane katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe, mwanamke na mwanamume. Haulizwi kadi. Mkutano huu huchagua Halmashauri ya Kijiji. Tena, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri haiwezi kugawa ardhi kabla Mkutano haujakubali. Anayesusa mkutano kwa sababu mwenyekiti si wa chama chake, huwaachia wengine shamba lake waliamue.

Tuseme mkulima mmoja anataka serikali ipange bei ya mahindi. Mwenzake anataka kila mtu auze apendavyo. Huenda wasikubaliane leo. Lakini wote wawili wanataka mahindi yapimwe kwa mizani, na sheria ya vipimo inakataza lumbesa. Basi waanzie hapo.

Tufuate njia hii:
1. Tutaje tatizo, tusitaje chama.
2. Mmoja akisema, wengine wasikilize.
3. Tunalokubaliana liandikwe katika muhtasari, na litekelezwe.
4. Tusilokubaliana lipigiwe kura, bila matusi.

Kushindana kwa hoja si uadui. Baada ya mkutano, jirani ni jirani.

MASWALI
1. Nani ni mjumbe wa Mkutano Mkuu wa Kijiji?
2. Wakulima wale wawili walikubaliana juu ya nini?
3. Kijijini kwenu, ni jambo gani moja ambalo watu wa vyama vyote wanalitaka?