Je, wajua? Familia ya samaki wanaotambuana kwa umeme

Katika mto Lualaba, unaopita karibu na Kasongo, wamo samaki wanaotoa umeme usiku na mchana, na mvuvi anayewashika hasikii chochote. Siwasemi kambale wa umeme, ambao ukiwagusa mkono unakufa ganzi. Hawa ni jamaa za domodomo, na umeme wao ni hafifu mno. Huutumia kupapasa njia penye giza na matope, na kupashana habari. Kazi hiyo inataka ubongo: ubongo wa spishi moja, Gnathonemus petersii, hula takriban asilimia 60 ya oksijeni yote ya mwili. Wetu sisi, wenye kujisifu, hula kama asilimia 20.

Wataalamu huwaita Mormyridae. Mwaka 1758 Linnaeus wa Uswidi aliipa jenasi ya samaki wa mto Nile jina la Mormyrus. Shina la jina hilo likaongezwa -idae, likawa jina la familia nzima. Ndivyo Clarias, jenasi ya kambale, ilivyozaa Clariidae. Familia ya Mormyridae ina spishi zaidi ya 200, zote za Afrika, ingawa oda yake inamchukua hata arapaima wa Amazon.

Wengi wa samaki wa Kongo walipewa majina London. Huko mtaalamu wa samaki George Albert Boulenger alipokea samaki waliohifadhiwa katika pombe kali, akahesabu magamba, meno na miiba ya mapezi. Alikuwa hodari kweli, lakini samaki aliyekufa hana umeme tena, na katika familia hii umeme ndio utambulisho. Katika mto Ivindo, Gabon, wamepatikana Mormyridae ambao kwa macho huwezi kuwatofautisha, ila mipigo yao ya umeme ni mbalimbali. Nao Campylomormyrus wa mto Kongo wamejaribiwa: jike huvutwa na mpigo wa dume wa spishi yake.

Kuisikiliza mipigo hiyo hakuhitaji maabara kubwa. Nyaya mbili majini, amplifaya na spika vinatosha, utasikia tik-tik-tik.

Basi mtafiti atakayekwenda kuorodhesha samaki wa Lualaba, au wa Luama kule Kabambare, asibebe chupa peke yake. Abebe na nyaya, awasikilize samaki wangali hai, ndipo awape majina.